Porziuncola: Kikanisa Ndani ya Basilika

Mgeni anayeingia katika Basilika ya Mtakatifu Maria wa Malaika, kwenye tambarare chini ya mji wa Assisi, Italia, hukuta jambo la pekee: ndani ya kanisa kubwa, chini ya kuba, limesimama kanisa jingine. Ni kikanisa cha mawe chenye urefu wa mita 7 hivi na upana wa mita 4. Kinaitwa Porziuncola, maana yake kipande kidogo cha ardhi. Katika somo hili tutazame historia yake, ujenzi wake na funzo lake kwetu tunaojiandaa kulitumikia Kanisa.

Historia

Kikanisa hiki kilikuwa mali ya watawa Wabenedikto wa Mlima Subasio. Mt. Fransisko alikikuta kimeachwa na kuta zinabomoka. Alikuwa amemsikia Msulubiwa huko San Damiano akimwagiza atengeneze nyumba yake, naye akaelewa kwamba ni nyumba ya mawe. Hivyo alitengeneza San Damiano, kisha kanisa la pili, na la tatu likawa Porziuncola. Hapo ndipo aliposikia Injili ya Mathayo sura ya 10, Yesu anapowatuma mitume bila fedha wala mkoba, akautambua wito wake.

Wabenedikto waliporuhusu ndugu wakitumie, Fransisko hakutaka kiwe mali yao. Mapokeo yasema kila mwaka ndugu waliwapelekea wenyewe kikapu cha samaki kuwa kodi. Usiku wa Jumapili ya Matawi, kadiri ya mapokeo mwaka 1212, Mt. Klara alipokelewa hapo. Rehema kamili ya Porziuncola, inayoadhimishwa tarehe 2 Agosti, kwa mapokeo ilitolewa na Papa Honorius III mwaka 1216. Leo waamini waweza kuipata hata katika makanisa ya parokia, kwa masharti ya kawaida. Fransisko alifariki hatua chache kutoka kikanisani, jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226.

Ujenzi

Ni chumba kimoja tu, chenye kuta nene za mawe na dari la tao. Juu ya altare kuna mchoro wa Padre Ilario wa Viterbo wa mwaka 1393, unaoonyesha Malaika akimpasha habari Maria. Mchoro ulio juu ya mlango, kwa nje, ni wa Friedrich Overbeck, wa mwaka 1829.

Mahujaji walipozidi, Papa Pius V aliagiza ijengwe basilika ya kukihifadhi na kuwapokea. Galeazzo Alessi aliichora; kazi ilianza 1569 ikakamilika 1679. Mwaka 1832 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu kubwa ya basilika. Kikanisa kilibaki kizima. Basilika ikajengwa upya kati ya 1836 na 1840.

Funzo

Thomas wa Celano anasimulia kwamba siku moja Fransisko alirudi Porziuncola akakuta watu wa Assisi wamewajengea ndugu nyumba ya mawe. Alipanda juu ya paa akaanza kutupa vigae chini. Aliacha tu alipoambiwa kwamba nyumba ile ni mali ya mji.

Je, angeipenda basilika? Tusiharakishe kujibu. Mahujaji wanahitaji pa kukaa mvua inaponyesha, na parokia zetu zinazokua zinahitaji makanisa makubwa. Lakini pale Assisi kubwa lilijengwa kwa ajili ya dogo. Padre anayechangisha fedha za ujenzi akumbuke mpangilio huo: kwanza sala, Injili na maskini; kisha matofali yanayovihifadhi. Mpangilio ukigeuzwa, tunabaki na jengo zuri lisilo na kitu cha kuhifadhi.

Maswali ya kutafakari

1. Kwa nini Fransisko alitaka ndugu walipe kodi ya samaki badala ya kumiliki kikanisa?
2. Katika parokia yako, jengo la kanisa linahifadhi nini?