Somo: Kupunguza Mzigo wa Kicheza Video



Chama kinapoweka somo la usalama kazini kwa video katika ukurasa wake wa intaneti, mwanachama hulitazama kwa simu yake, tena kwa bando alilonunua kwa jasho lake. Mara nyingi sehemu ya bando hilo huliwa kabla video haijaanza. Katika somo hili tutaeleza kinacholila na jinsi ya kukipunguza.

MZIGO WATOKA WAPI?

Zamani vivinjari vilihitaji programu ya nyongeza ili kucheza video, na iliyoenea sana ilikuwa Flash. Mwaka 2014 kanuni za HTML5 zilipitishwa, zikiwa na alama ya "video". Flash ilikomeshwa mwishoni mwa mwaka 2020. Kwa hiyo kivinjari cha leo kina kicheza chake chenyewe: huanzisha, husimamisha, hurekebisha sauti na huonyesha maandishi ya chini. Hata hivyo, watengenezaji wengi wa kurasa huongeza kicheza kingine cha JavaScript, kwa ajili ya vitufe vya mapambo, matangazo ya biashara na kuhesabu watazamaji.

JavaScript si kama picha. Picha ikifika huonyeshwa tu. JavaScript ikifika, simu hulazimika kuisoma, kuitafsiri na kuitekeleza. Wakati huo ukigusa kioo, hakiitiki. Simu ya bei nafuu ndiyo huumia zaidi.

Tuchukue mfano. Kicheza kina kilobaiti 600 za JavaScript. Watu 500 wafungua ukurasa, lakini 50 tu ndio wanaotazama video. Wale 450 wamelipia megabaiti 270 kwa jumla, bila kupata chochote.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kwanza, tumia alama ya "video" pamoja na neno "controls". Video fupi ya MP4 haihitaji hata mstari mmoja wa JavaScript.

Pili, andika preload="none" na uweke picha ya "poster". Hivyo kivinjari huombwa kisivute video mpaka mtu abonyeze.

Tatu, video iliyoko YouTube isipachikwe moja kwa moja, kwani huja na kicheza chake kizima hata kama hatazami mtu. Weka picha na kitufe. Kicheza kiitwe baada ya kubonyezwa. Programu huria ya lite-youtube-embed hufanya kazi hiyo.

Nne, video ndefu inayobadili ubora kufuatana na nguvu ya mtandao yaweza kuhitaji programu kama hls.js. Nayo iitwe baada ya kubonyezwa. Programu hiyo ina toleo jepesi, lakini toleo hilo halionyeshi maandishi ya chini. Tusipunguze mzigo kwa kumfungia mlango mwenzetu asiyesikia.

Tano, pimeni. Zana za kivinjari huonyesha uzito wa kila faili. Pimeni kabla ya kubonyeza kitufe, kisha baada yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA TAWINI

1. Ukurasa wetu huvuta kilobaiti ngapi za JavaScript kabla video haijaanza?
2. Katika kicheza chetu, ni vitufe gani visivyotumiwa na mtu?
3. Nani anayelipia mzigo huo, na nani anayefaidika nao?