Somo: Hekalu la Kiyunani na Viungo Vyake



Katika Matendo ya Mitume mlango wa 17 tunasoma jinsi Mtume Paulo alivyohuzunishwa na wingi wa sanamu katika mji wa Athene. Wengi wetu tumezoea kuisoma habari hiyo pasipo kuziona nyumba ambamo sanamu hizo zilikaa. Kilima cha Areopago kiko karibu kabisa na Akropoli, mlima wa mawe ambao juu yake limesimama Parthenon, hekalu la Athena, mungu wa kike wa mji ule. Lilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 K.K., na Paulo alipofika lilikuwa na umri wa karibu miaka 500. Yafaa basi tujue alikuwa akitazama nini.

Kwanza tuondoe kosa moja. Tusikiapo neno "hekalu" twafikiri nyumba ya kukusanyikia watu, kama kanisa letu. Sivyo. Hekalu la Kiyunani lilikuwa nyumba ya sanamu. Chumba cha ndani kiliitwa naosi, na katika Parthenon ndimo ilimokaa sanamu ya Athena ya dhahabu na pembe za ndovu, kazi ya Pheidias, yenye kimo cha mita 12 hivi. Watu wa ibada walikuwa nje, na kwa kawaida madhabahu ya kuchinjia ilikuwa nje pia. Ndiyo maana uzuri mwingi uliwekwa upande wa nje.

Sasa tupande kutoka chini. Kuna madaraja matatu ya mawe, na lile la juu, linalobeba nguzo, huitwa stilobati. Halafu nguzo zenyewe. Parthenon ina nguzo 8 mbele na 17 ubavuni, jumla 46 kwa kuzunguka, kila moja karibu mita 10 na nusu. Nguzo hizo si jiwe moja. Ni vipande vya mviringo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine pasipo chokaa, na katikati yake, mahali pasipoonekana, viliwekwa vigingi vya mti. Nje zimechongwa mifereji 20 toka juu hata chini. Juu kabisa iko taji, kama Biblia yetu inavyoliita jambo hilo katika habari za nguzo za Sulemani.

Juu ya nguzo hulala boriti za mawe. Jiwe huvumilia sana kubanwa, lakini likilazwa kama boriti hupasuka upesi, na hiyo ndiyo sababu nguzo za Wayunani husimama karibu karibu. Juu ya boriti hizo umepita mshipi wa mapambo, na hapa nawaomba tukae kidogo, maana ndipo penye siri ya jengo zima.

Katika mshipi huo utaona vibao vya mawe vyenye mifereji ya kusimama, vinavyoitwa triglifu, na kati ya kila viwili uko ubao mpana wa jiwe, metopi, ambao mara nyingi huchongwa picha za vita na mashujaa. Chini ya kila triglifu vimechongwa vijiti sita vifupi vinavyoning'inia. Vya nini? Havibebi kitu. Vitruvius, mjenzi Mrumi aliyeandika vitabu kumi vya ujenzi katika karne ya 1 K.K., alieleza kwamba mahekalu ya kwanza yalikuwa ya mti. Maseremala walikata ncha za boriti zilizotokeza ukutani, na kwa kuwa hazikupendeza macho wakazifunika kwa vibao vilivyopakwa nta ya buluu. Wachonga mawe walipoichukua kazi, waliendelea kuchonga vibao vile vile, hata na vigingi vya kushikizia mbao. Kwa hiyo Parthenon ni jiwe linaloukumbuka mti. Wataalamu wengine wanabishana juu ya maelezo ya Vitruvius, lakini katika hekalu la Hera huko Olympia, Pausanias, msafiri wa karne ya 2 B.K., alikuta bado nguzo moja ya mwaloni, wakati nyingine ni za mawe.

Nguzo za Parthenon ni za mtindo wa Kidori. Hazina mguu, zimesimama moja kwa moja juu ya sakafu, na taji yake ni kama mto wa kulalia wenye kibao cha mraba juu. Mitindo mingine ina mguu na taji ya namna yake, na fundi asiyezijua ataaibika. Waliofika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa katika miaka ya 1870, wameonyeshwa nguzo zilizosimama kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizigeuza Askofu Steere alipokuwa safarini.

Mtindo wa Kikorintho una taji ya majani. Vitruvius asimulia kwamba yaya mmoja aliweka kikapu juu ya kaburi la msichana wa Korintho, akakifunika kwa kigae. Mmea ukaota chini yake, majani yakakikumbatia kikapu, na mchongaji Kallimachos alipopita akaiga. Hekalu la Zeu huko Athene ni la mtindo huo. Wakati wa Paulo lilikuwa halijakwisha, ingawa lilianzwa katika karne ya 6 K.K.!

Parthenon lenyewe baadaye lilifanywa kanisa la Bikira Mariamu. Lakini mlango mkuu wa hekalu ulikuwa mashariki, ambako Wakristo walitaka kuweka madhabahu. Basi wakaligeuza jengo: mashariki wakajenga kibanda cha madhabahu, na watu wakaingia kwa magharibi. Baadaye likawa msikiti, kisha ghala ya baruti ya Waturuki, na mwaka 1687 kombora la Wavenisi likalipua katikati yake.

Mtindo wa Kiioni nimeuacha mwisho makusudi. Nguzo yake ni nyembamba, ina mguu, na taji yake imejikunja pande mbili kama pembe za kondoo dume. Hekalu la Artemi huko Efeso lilikuwa la mtindo huu, refu kupita mita 100. Kwa hiyo usomapo katika mlango wa 19 habari za Demetrio, mfua fedha aliyetengeneza mifano midogo ya hekalu hilo, unaweza kukisia nguzo zake zilivyokuwa. Plinio, mwandishi Mrumi, alizihesabu 127. Leo mahali pale, penye maji na matete, imesimama nguzo moja iliyounganishwa kwa vipande vilivyookotwa, na juu yake korongo hujenga kiota.