Habari za Jaji Warioba wa Bunda

Wasomaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama wajua ya kuwa Butiama ilimzaa Mwalimu Nyerere, mtawala, na Jenerali David Musuguri, askari aliyeongoza Jeshi tangu mwaka 1980 hata 1988. Leo twataka kueleza habari za mwanasheria, naye ni Bwana Joseph Sinde Warioba, aliyezaliwa Bunda mwaka 1940.

Alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966, akaingia kazi ya Serikali. Akawa Mwanasheria Mkuu tangu 1976 hata 1983, kisha Waziri wa Sheria, na tangu 1985 hata 1990 Waziri Mkuu. Vyeo hivi vyajulikana, hatuna haja ya kukaa juu yake.

Lisilojulikana sana ni kazi yake ya bahari, nalo ni ajabu kidogo kwa mtu wa ziwani. Mataifa yalipofanya Mkataba wa Sheria ya Bahari mwaka 1982, kila nchi yenye pwani ilipewa maili 12 kuwa maji yake yenyewe, na haki ya samaki na mali nyingine hata maili 200. Mali iliyo chini ya bahari kuu, nje ya mipaka ya mataifa, ikawa urithi wa wanadamu wote. Tume ya kutayarisha vyombo vya kusimamia mambo hayo ilimfanya Warioba mwenyekiti wake mwaka 1983, na mwaka 1996 akawa jaji wa Mahakama ya Sheria ya Bahari, Hamburg.

Mwaka ule ule Rais Mkapa alimpa kazi chungu, yaani kuchunguza rushwa. Taarifa ya tume yake iliwatenga wala rushwa mafungu mawili: wadogo, ambao mshahara hauwatoshi, na wakubwa, ambao hawana dhiki ila tamaa. Tofauti hii yafaa ishikwe, maana dawa imfaayo wa kwanza haimponyi wa pili.

Mwaka 2012 Rais Kikwete akamweka juu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Rasimu yao ilitaka serikali 3: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, kwa kuwa ndivyo walivyotaka wengi wa watu wa Bara waliozungumzia muundo wa Muungano. Bunge Maalum likalikataa neno hilo mwaka 2014, likashika serikali 2. Warioba hakunyamaza. Alisimama mikutanoni kueleza sababu za tume, hata mkutano mmoja wa Dar es Salaam, mwezi wa Novemba, ukavunjika kwa fujo. Kura ya maoni iliyowekwa tarehe 30 Aprili 2015 haikupigwa.