Taa, Ishara na Spidometa ya Pikipiki ya Zamani

Umekwisha kujifunza kwamba umeme hupita katika njia iliyokamilika tu. Njia hiyo huitwa sakiti. Katika somo hili tutaona jinsi sakiti zinavyofanya kazi katika pikipiki. Tutachunguza pikipiki za miaka ya 1960 na 1970, kwa kuwa sehemu zake ni chache na huonekana kwa urahisi. Mojawapo ni Honda Super Cub, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1958.

Betri na fremu

Pikipiki nyingi za wakati huo zilitumia betri ya volti 6. Betri hiyo ina vyumba vitatu, na kila chumba hutoa volti 2 hivi. Waya hutoka katika betri, hupita kwenye swichi, kisha hufika kwenye balbu. Je, umeme hurudi kwa njia gani? Mara nyingi hurudi kwa kupitia fremu ya chuma ya pikipiki yenyewe. Fremu hutumika badala ya waya wa pili.

Bagamoyo na maeneo mengine ya pwani hupata upepo wa bahari wenye unyevu na chumvi. Kwa sababu hiyo chuma hushika kutu upesi. Kutu haipitishi umeme vizuri. Ikiingia mahali taa inapoungana na fremu, taa hufifia au huzimika, ingawa betri na balbu ni nzima. Ndiyo maana fundi mwangalifu husugua maungio kwa msasa kabla ya kununua balbu mpya. Baadaye hupaka grisi ili kuzuia unyevu.

Taa za ishara

Taa za ishara, au indiketa, ni nne: mbili mbele na mbili nyuma. Huwaka na kuzima kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Kazi hiyo hufanywa na kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita flasha. Ndani ya flasha ya zamani mna bamba la metali mbili zilizoshikamanishwa. Umeme ukipita, bamba hupata joto. Metali moja hutanuka kuliko nyingine, hivyo bamba hujipinda na kukata sakiti. Taa huzima. Bamba likipoa hunyooka, sakiti hukamilika, na taa huwaka tena.

Balbu moja ikiungua, umeme unaopita hupungua. Bamba halipati joto la kutosha, na balbu iliyobaki huweza kuwaka bila kuzima.

Spidometa

Spidometa huonyesha mwendo wa pikipiki. Ile ya zamani haihitaji betri. Kebo inayozungushwa na gurudumu la mbele huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku haivuti alumini, lakini inapozunguka huzalisha mikondo midogo ya umeme ndani yake. Mikondo hiyo hukifanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Springi nyembamba hukizuia. Mwendo ukizidi, kikombe husogea zaidi pamoja na mshale.

Jaribio

Vifaa: betri mbili za tochi, balbu moja ya tochi, nyaya, msasa, na msumari wenye kutu.

1. Unga betri, balbu na nyaya mpaka balbu iwake.
2. Kata sakiti mahali pamoja, kisha gusisha ncha mbili za waya kwenye msumari wenye kutu. Tazama balbu.
3. Sugua msumari kwa msasa mpaka ung'ae. Rudia jaribio.

Umeona tofauti gani? Andika katika daftari lako.

Tahadhari barabarani

Katika barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, watoto wengi huvuka kwenda shuleni. Kumbuka kwamba indiketa za pikipiki nyingi hazijizimi zenyewe. Dereva akisahau, ishara huendelea ingawa hapindi tena. Usivuke kwa kutegemea taa pekee. Ngoja uone pikipiki ikipunguza mwendo na kuanza kupinda, au ipite kabisa.

Usiku, taa moja inayokuja huenda si pikipiki. Yaweza kuwa lori ambalo taa yake moja imeungua. Kaa mbali na ukingo wa barabara.

Maswali

1. Kwa nini waya mmoja hutosha kuwasha taa ya pikipiki?
2. Indiketa ya kushoto inawaka bila kuzima. Taja sababu moja inayowezekana.
3. Betri ya volti 12 ina vyumba vingapi?
4. Kebo ya spidometa ikikatika, mshale utaonyesha nini? Eleza.
5. Pikipiki inayokwenda kilometa 36 kwa saa hupita meta 10 kila sekunde. Itapita meta ngapi katika sekunde 5? Pimeni umbali huo katika uwanja wa shule, kisha mwone jinsi ulivyo mkubwa.