Mtoto Asiyesema, Wazee Wake Wakiachana



Nchi ya Karagwe si ngeni kwa watu wa pwani. Stanley alipofika huko mwaka 1876 alimkuta Kafuro mfanya biashara wa Kiarabu, Hamed bin Ibrahim, amekwisha kujenga na kukaa. Na hatta leo wapo watu wa pwani waendao Karagwe, na Kyerwa iliyotengwa nayo ikawa wilaya mbali mwaka 2012, kwa kununua kahawa na maharage. Wakaoa huko, wakazaa huko, na baadhi yao wakaacha wake huko. Masala ya kurasa hizi ni ya mtoto wa ndoa kama hiyo, akiwa ni mtoto mwenye usonji.

Usonji si homa, wala si wazimu. Ni namna ya ubongo ambayo dalili zake huonekana tangu utotoni. Mwenye nayo huenda akawa mzito wa maneno au hana maneno kabisa. Huepuka kumtazama mtu machoni. Hupenda jambo lile lile kwa namna ile ile kila siku. Na sauti au mguso ambao mwingine haujali, yeye humwumiza. Tabibu Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika khabari za watoto kumi na mmoja wa namna hii mwaka 1943, na Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 alikuwapo mmoja katika kila watu 127. Kwa hiyo si jambo la nyumba moja wala la kabila moja. Wako wasemao ni jini. Majini wapo, na aliyeiamini Qur'ani hana shaka nao. Walakini si kila jambo watu wa nyumba wasilolijua ni kazi ya jini, na kombe na mafusho hayajampa mtoto huyu ulimi, illa yamempa mganga ada yake. Wako wasemao ni ubaridi wa mama. Neno hili lilisemwa zamani na baadhi ya matabibu wenyewe, nao wamekwisha kulirudi.

Wilaya hizi mbili zimeona nyumba nyingi zikitikiswa. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Karagwe kwa wingi. Mwaka 2013 Serikali ilipofanya Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wasio na vibali, wako waume waliobaki na wake waliovuka mpaka. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ya Kagera ilitetemeka na kuta zikaanguka. Katika kila msiba wa namna hii mtoto mwenye usonji hupoteza kitu ambacho wahesabuo hasara hawakihesabu, nacho ni mpango wa siku yake. Na msiba ujao mara nyingi zaidi kuliko hiyo yote ni talaka.

Na ufanywe mfano wa mtoto wa kiume wa miaka tisa, nyumba yao iko Nkwenda. Hasemi illa maneno matatu, na yote matatu ni ya Kinyambo. Hula ndizi za kupikwa, na zikichanganywa na maharage hazigusi. Maharage ayataka kando. Kila asubuhi hupita njia ile ile ya migombani mpaka kwenye mkeka wa kuanikia kahawa, akakaa hapo akipanga buni kwa mistari. Jua likichwa na baba yake akirudi, mtoto hutwaa makubadhi ya baba akayaweka kushoto kwa mlango, vidole vikielekea nje. Hayo ndiyo maisha yake, na ndani ya hayo ametulia.

Kisha baba akamwacha mama. Siku ya maneno hayo watu walipaza sauti. Mtoto akaziba masikio, akajigonga kichwa ukutani. Majirani wakasema: Huyu hajui lililotokea, alia kwa maradhi yake tu. Usiku wa pili hakulia. Alikwenda mlangoni akayatafuta makubadhi, hakuyaona. Akatwaa ndara za mama akaziweka mahali pale, akaziondoa, akaziweka tena, hatta alfajiri. Mtu mzima akifikwa na msiba hukaa matanga, watu wakamjia wakampa pole. Mtoto huyu matanga yake ndiyo yale, na hapana aliyempa pole.

Mama kama huyu akiwa na busara hatamzuia. Atatafuta jozi kuukuu ya makubadhi aiweke mahali pake. Kila asubuhi atamwonesha kwa vitu namna siku itakavyokwenda: kikombe cha uji, kisha kipande cha mkeka, kisha ndoo ya kuogea. Jamaa waliokuja kwa shauri la talaka atawaketisha uani, waseme kwa sauti ya chini. Watu waliosoma khabari za usonji husema hivyo hivyo: yanayoweza kubaki yaachwe kama yalivyokuwa, na lisiloweza kubaki lioneshwe kwa macho kabla halijafika, wala mtoto asilazimishwe kumpa mkono kila mgeni. Mambo haya hayahitaji fedha. Yahitaji subira, nayo ndiyo iliyo ghali.

Sasa baba yuaja na hoja. Asema: Mtoto amepita miaka saba, na sharia yasema akifika saba achague baina ya baba na mama, huyu hawezi kuchagua, basi ni wangu, nami nitampeleka pwani. Hoja hii imeenea vinywani mwa watu, nayo si sahihi katika madhhabu ya Imam Shafii.

Hadhana, kwa maelezo ya Imam Nawawi katika Minhaj na ya walioisherehesha, ni kumhifadhi na kumlea asiyeweza kujisimamia. Haikufungwa kwa umri. Hatta mtu mzima aliyeondokewa na akili huingia humo. Na wa kwanza katika hadhana ni mama. Mwanamke mmoja alimshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa mume aliyemwacha ataka kumnyang'anya mtoto wake, akaambiwa kuwa yeye ana haki zaidi muda wa kuwa hajaolewa. Na akiolewa na mtu wa kando, haki yamwendea kwanza mama yake mama, si baba.

Ama kuhiyarishwa, imepokewa kwa Abu Huraira kwamba mtoto alihiyarishwa mbele ya Mtume, akashika mkono wa mama yake. Na katika hadithi hiyo hiyo yule mama alitaja kuwa mtoto humtekea maji katika kisima cha Abu Inaba. Zingatia hapo, ewe msomaji: alikuwa mtoto aendaye kisimani, akateka, akarudi. Huyo ndiye mwenye tamyizi, yaani aliyekwisha kupambanua mambo. Wanachuoni walitaja miaka saba kwa kuwa tamyizi aghalabu huja hapo, na hukumu yenyewe yafuata tamyizi, haifuati hesabu ya miaka. Asiyekuwa nayo, akiwa wa miaka tisa au kumi na tisa, hahiyarishwi. Na asiyehiyarishwa hubaki kwa mama. Kushindwa kwake kuchagua hakumpi baba kitu.

Walakini isidhaniwe kuwa kila mwenye usonji hana tamyizi. Wako wenye usonji wahifadhio juzuu nzima, na wako wanaosoma wakafika vyuo vikuu. Kadhi yampasa amtazame mtoto mwenyewe: je, hula peke yake, hujisafisha peke yake, hufahamu aambiwalo? Akifahamu naye hasemi, ishara yake yenye kufahamika yatosha, kama ishara ya bubu. Lakini asimtazame siku moja tu, barazani, mbele ya watu wengi wenye kelele. Huenda mtoto akamshika mkono mtu asiyemjua kwa kuwa kanzu yake yafanana na ya mtu wa nyumbani. Na amri ya kuswali kwa miaka saba na kuchapwa kwa kumi nayo ni ya mwenye tamyizi, jambo ambalo walimu wa vyuo wengine hulisahau bakora ikiwa mkononi.

Imebaki safari. Mmoja wa wazee akisafiri kwa haja, kama biashara, mtoto hukaa kwa yule asiyesafiri mpaka mwenziwe arudi. Kwa hiyo mnunuzi wa kahawa ashukaye pwani msimu na kupanda msimu hana njia ya kumchukua. Akiwa ahama kweli kweli, hapo madhhabu yampa baba haki zaidi, ili nasaba isipotee, kwa sharti njia iwe salama na huko aendako pawe salama. Na usalama wa mtoto huyu utazamwe kwa hali yake yeye. Ni zaidi ya kilomita 1,300 za basi, honi na taa za usiku. Kisha joto badala ya baridi ya milimani, wali badala ya ndizi, na nyumba ambayo hapana ajuaye maneno yake matatu. Mtoto aliyekwisha kujigonga kichwa kwa kelele za siku moja, asemaye kuwa hapana khofu juu yake na alete dalili. Aya ya 233 ya Sura Al-Baqara imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto, na baba vivyo hivyo. Itakuwaje basi mtoto mwenyewe adhuriwe kwa ugomvi wao?

Sheria ya nchi nayo yaelekea huko. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chachukulia kuwa aliye chini ya miaka saba ni kheri akae na mama, na chaitaka mahakama izingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha mkono kwa mkono.

Nafaka ni juu ya baba, mtoto akiwa kwake au hayuko. Na wala haikomi kwa kubaleghe, maadamu mwana hana mali wala hawezi kuchuma. Humo ni chakula alacho yeye, yaani ndizi na maharage yake kando, na nguo asizozikataa mwilini, na gharama za kumpeleka kwa tabibu. Baba ana haki ya kumzuru, wala mama hana ruhusa kumzuia. Na iwe siku moja na saa moja isiyogeuka, alasiri ya Ijumaa mathalan. Asije Jumatatu kwa kuwa amepata nafasi. Na akifika avue makubadhi yake kushoto kwa mlango.