Nyumba za Mabonge ya Majani katika Isilandi

Mtu anayetaka kujenga nyumba anatazama kwanza nchi anamokaa. Katika vijiji vingi vya Kongo anaingia porini, anakata miti, anafunga fito kwa kamba, anakandika udongo, kisha anaezeka majani. Vitu hivyo vyote anavipata karibu. Lakini mtu asiye na miti ya kutosha atafanya nini? Watu wa Isilandi walipata jibu la ulizo hilo zamani sana.

1. Nchi ya baridi

Isilandi ni kisiwa kikubwa katika bahari ya kaskazini. Huko kuna milima inayotoa moto, na juu ya milima mingine barafu haiyeyuki mwaka mzima. Upepo ni mkali. Wakati wa baridi theluji inaanguka, nyeupe kama pamba, na inafunika mashamba. Mwezi wa Desemba jua linaonekana muda wa saa 4 au 5 tu kwa siku. Mwezi wa Juni usiku hauna giza.

Watu wengi wa kwanza waliohamia huko walitoka nchi ya Norwei, wakavuka bahari kwa merikebu. Kwa desturi wenyeji wanahesabu mwaka 874 kuwa mwanzo wa kukaa kwao. Walikuta misitu ya miti myembamba. Wataalamu wanakadiria kwamba misitu hiyo ilifunika robo ya nchi, pengine zaidi. Watu wakakata kuni, wakachoma makaa, na kondoo wao wakala machipukizi. Katika baridi ile mti hauoti upesi. Basi misitu ikaisha karibu yote.

Lakini majani yalibaki. Na watu wale walijua tangu kwa babu zao kwamba majani pamoja na udongo wake yanaweza kuwa ukuta.

2. Kazi ya fundi

Fundi alikwenda kwanza mahali penye maji maji, kwa kuwa huko mizizi ya majani imeshikana sana, kama nyuzi za mkeka. Alikata ardhi yenyewe, majani na mizizi na udongo pamoja. Alitoa mabonge mazito, tena mikanda mirefu. Aliviacha vikauke kidogo, kisha farasi walivichukua mpaka mahali pa kujengea.

Chini alipanga mawe, ili maji ya ardhi yasipande ukutani. Juu ya mawe alilaza mabonge kwa kuyainamisha, safu moja upande huu, safu ya pili upande mwingine, mfano wa miiba ya samaki. Katikati ya safu alitandika mikanda mirefu ili kuzifunga pamoja. Ukuta ulikuwa na uso wa nje na uso wa ndani, na kati yake alijaza udongo akaushindilia. Unene wake ulifika mita 1, na mara nyingi ulizidi. Upepo haukuweza kupenya.

Paa lilibebwa na nguzo za mti. Nguzo hizo zilitoka wapi, kama misitu imekwisha? Nyingine zilinunuliwa ng’ambo kwa bei kubwa. Nyingine zililetwa na bahari. Mito mikubwa ya Siberia inachukua magogo mpaka baharini. Yanaelea miaka mingi, kisha mawimbi yanayatupa ufukoni mwa Isilandi. Kwa hiyo ufuko wenye magogo ulikuwa mali kubwa.

Juu ya boriti fundi alipanga fito au mawe bapa, kisha akatandika majani na udongo wake mara mbili. Hapo ilihitajiwa akili nyingi. Paa likilala mno, maji ya mvua yanaingia ndani. Likisimama mno, maji yanakimbia upesi, na siku za jua udongo unakauka na kupasuka. Paa lililojengwa vema liliendelea kuota majani. Wakati wa joto nyumba ilionekana kama kilima kidogo cha kijani chenye mlango.

3. Maisha ndani ya nyumba

Nyumba ya mkulima haikuwa chumba kimoja. Vilikuwa vijumba vingi vilivyobanana, na njia ndefu yenye giza iliviunganisha: jiko, ghala la chakula, vyumba vya kazi. Chumba kikubwa kilikuwa mwisho wa njia, mbali na baridi ya mlango. Humo watu wote walilala, bwana na watumishi, wakubwa na watoto, mara nyingi wawili wawili katika kitanda kimoja. Kuni zilikuwa chache, kwa hiyo joto la miili yao lilisaidia kupasha chumba. Jikoni walichoma mavi makavu ya kondoo. Zamani, kabla ya vioo kuenea, dirisha dogo lilifunikwa kwa ngozi nyembamba sana ya mnyama, inayopitisha mwanga.

Jioni za baridi taa ya mafuta ya samaki iliwashwa. Kila mtu alikaa kitandani pake na kazi yake. Mmoja alichambua manyoya ya kondoo, mwingine alisokota uzi, mwingine alifuma soksi. Na mtu mmoja aliketi karibu na taa, akasoma kitabu kwa sauti ili wote wasikie. Watoto wengi walijifunza kusoma katika chumba hicho, si katika shule.

Hata makanisa yalijengwa hivyo. Katika Hof, upande wa kusini, kuna kanisa dogo lenye paa la majani lililojengwa mwaka 1884. Linasimama mpaka leo.

4. Nyumba inataka mikono

Isisemwe kwamba nyumba hizo hazikuwa na shida. Nyingi zilikuwa na giza, moshi na unyevu. Tena hazikudumu zenyewe. Mahali penye mvua nyingi ukuta ulioza mapema. Mahali pakavu zaidi ulikaa muda mrefu. Kila mara ilikuwa lazima kubadili mabonge yaliyooza na kutengeneza paa. Mtoto aliona baba yake akifanya kazi hiyo, akamsaidia, akajua. Baadaye naye alifundisha watoto wake. Kwa namna hiyo ujuzi ule ulidumu zaidi ya miaka 1000.

Katika karne ya 20 saruji na mabati vikaenea. Watu wakafurahi kupata nyumba kavu zenye mwanga, na hilo halikuwa kosa. Lakini wengi waliona haya kwa nyumba za zamani, wakaziacha au wakazibomoa. Nyumba isiyokaliwa haina mtu wa kuziba tundu. Maji yanaingia, boriti inaoza, paa linaanguka, na baada ya miaka michache kunabaki tuta la majani tu.

Ndipo wengine walipotambua hasara. Katika Glaumbær, upande wa kaskazini, watu waliishi katika nyumba ya mabonge mpaka mwaka 1947. Nyumba hiyo haikubomolewa. Tangu mwaka 1952 ni makumbusho, na wageni wengi wanaitembelea. Lakini hata makumbusho yanataka fundi wa kutengeneza kuta, na mafundi wenye kujua kazi hiyo wamekuwa wachache. Kwa hiyo siku hizi vijana wanafundishwa tena kukata mabonge na kuyapanga mfano wa miiba ya samaki.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Watu wa Isilandi wamejifunza kwamba ujuzi nao una ufa. Ukuta ukianguka, fundi anaujenga tena kwa siku chache. Lakini fundi wa mwisho akifa bila kumfundisha mtu, ni nani atakayeujenga?

Maulizo

1. Kwa sababu gani misitu ya Isilandi iliisha?
2. Kwa nini fundi alikata mabonge mahali penye maji maji?
3. Paa likilala mno, nini kinatokea? Na likisimama mno?
4. Watu walifanya nini jioni za baridi?
5. Nyumba iliyoachwa inaharibikaje?
6. Nendeni kwa mzee wa kijiji anayejua kujenga. Mwulizeni ni miti gani haiharibiwi na mchwa, ni majani gani yanafaa kuezekea, na mwezi gani ni mzuri wa kuyakata. Andikeni majibu yake katika daftari.