SOMO LA VIKUNDI: Nani Bado Ana Kazi?



Hapa Eldoret tumezoea kusikia hesabu ya mlangoni tu. "Vijana mia mbili wameandikwa!" Tunapiga makofi, kisha twaenda zetu nyumbani. Kazi Kwa Vijana ilianza mwaka wa 2009. Kazi Mtaani ikaja 2020 wakati wa korona, na awamu yake ya pili ilichukua vijana zaidi ya 270,000 nchi nzima, kwa shilingi 455 kwa siku. Mitaro ilizibuliwa, nyasi zikafyekwa, unga ukapatikana nyumbani. Si jambo dogo. Lakini pesa za mradi zilipokwisha, kazi nayo ikaisha.

Basi kikundi chenu kikianza mradi, uwe wa cherehani au wa kuchomelea vyuma, pimeni tangu siku ya kuandikisha. Kila mtu aulizwe: mara ya mwisho ulilipwa lini? Andikeni kwa daftari. Miradi mingi hupenda wenye cheti, maana hao wangepata kazi hata bila sisi, na ripoti inapendeza. Aliyekaa miaka mingi bila kazi anaachwa tena. Kumbukeni Rivatex: ilianguka mwishoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007, na ikazinduliwa upya 2019 ikiwa na mashine mpya. Miaka karibu 20! Fundi wa zamani angeanza kujifunza upya.

Halafu rudini baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka. Yule bwana wa talanta hakuitisha hesabu siku ile ile ya kugawa; alirudi baada ya muda mrefu. Ulizeni: unafanya kazi siku ngapi kwa wiki? Ukitoa nauli na chakula cha mchana, unabaki na ngapi?

Sasa hapa ndipo wengi wanateleza. Tuseme watu 40 wameomba na nafasi ni 20. Pigeni kura, ili wanaopata na wanaokosa wawe watu wa hali moja. Mwaka ukiisha, kati ya waliofunzwa 12 wana kazi. Hongera? Ngojeni kwanza. Kati ya wale waliokosa, 9 pia wana kazi. Basi mradi umeongeza watu 3, si 12. Kama uligharimu shilingi 120,000, kila kazi mpya imegharimu 40,000. Mfadhili huenda asifurahie, lakini mwonyesheni tu.

Tazameni pia kama mafundi wenu wapya wamewanyang'anya wateja mafundi wa zamani wa soko lile lile. Hapo kazi imehama tu.

Kwa mkutano ujao: chagueni mradi mmoja ulioisha mwaka jana. Wanachama wawili waende nyumba kwa nyumba kuwatafuta wote waliofunzwa, hata waliohamia Langas au Turbo. Asiyepatikana msimhesabu kuwa ana kazi.